Kidimbwi Kina Misimu Yake: Vifaa na Utunzaji wa Vidimbwi vya Uani Mathare

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa wadi za Hospital, Mabatini, Huruma, Ngei, Mlango Kubwa na Kiamaiko



Saa kumi na moja alfajiri, kabla makanga wa kwanza hajaanza kuita abiria kwenye Barabara ya Juja, samaki walio ndani ya kidimbwi huweza kuonekana wamejipanga juu ya maji, midomo wazi. Mtu asiyejua hudhani wana njaa. Huchota chakula konzi nzima akawarushia. Kufikia saa tatu asubuhi nusu yao wanaelea, matumbo juu, na jirani anasema maji yametiwa sumu.

Hakuna sumu. Samaki walikuwa wakitafuta hewa. Mimea midogo ya kijani ndani ya maji hutoa oksijeni mchana kukiwa na jua, lakini usiku mimea hiyo hiyo huitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo saa ambayo oksijeni huwa chache kuliko zote ni alfajiri. Chakula kinachotupwa wakati huo huoza, na kuoza nako kunakula oksijeni. Aliyetaka kusaidia ndiye aliyemaliza.

Mfano huo unabeba jambo moja ambalo mazungumzo haya yanataka kila mwenye kidimbwi au fauntani alichukue nyumbani. Vidimbwi vingi haviharibiki kwa kukosa vifaa vya bei. Huharibika kwa sababu msimu umebadilika na mtu hakubadilisha anachofanya. Na katika mitaa iliyosongamana kama ya Mathare, kidimbwi kilichoachwa hakimdhuru mwenyewe peke yake. Humdhuru mtoto wa jirani, hulea mbu wa ploti nzima, na waya wake wa umeme huweza kuua.

Kwa nini kidimbwi Mathare

Kuna watakaouliza kidimbwi kinatafuta nini mahali ambapo nafasi ya kuanika nguo yenyewe hupiganiwa. Jibu ni kwamba vidimbwi vya mjini ni vya aina tatu. Cha kwanza ni cha samaki wa kula, ambacho huchimbwa au kujengwa na kikundi, shule au kanisa lenye uwanja. Cha pili ni fauntani ndogo ya urembo, ile inayorusha maji juu kwenye lango la shule, zahanati au ukumbi. Cha tatu ni tangi au drumu lililokatwa, lenye samaki wachache na mboga pembeni.

Sheria haikatazi. Sheria ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ya Kukuza na Kusimamia Kilimo cha Mjini ya mwaka 2015 ilikitambua kilimo na ufugaji ndani ya jiji, kwa masharti ya usafi na usalama. Kabla ya hapo, mwaka 2009, serikali ya kitaifa ilikuwa imeanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki katika maeneo bunge mengi nchini, kidimbwi kimoja kikiwa na mita 300 za mraba. Wengi wanakumbuka jinsi mpango ule ulivyoanza kwa nguvu. Wengi pia waliona vidimbwi vilivyogeuka vichaka baada ya vifaranga na chakula cha bure kwisha. Kuchimba ni kazi ya wiki moja. Kutunza ni kazi ya kila siku.

Hesabu kabla ya jembe

Chukulia kidimbwi cha kawaida cha uani chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1. Hiyo ni mita 6 za ujazo, yaani lita 6,000. Kwa mitungi ya lita 20, ni mitungi 300. Kikundi ambacho hakijui kitatoa wapi mitungi 300 hakijawa tayari kuchimba.

Maji ya kwanza si ya mwisho. Kila wiki sehemu moja kati ya kumi ya maji hutolewa na kubadilishwa ili uchafu usizidi. Katika kidimbwi hiki hiyo ni lita 600, au mitungi 30. Iwapo mtungi unauzwa shilingi 5, ni shilingi 150 kwa wiki kabla ya kununua chakula. Maji yanayotolewa hayapaswi kumwagwa mtaroni. Yana mbolea. Wenye bustani za magunia wanajua sukuma wiki inavyoyapenda.

Maji ya Mto Mathare au Gitathuru yasitumike kabisa kujaza kidimbwi. Mito hiyo hupokea maji taka ya majumbani na viwandani, na samaki atakayeliwa atakuwa amekula yote hayo. Maji ya mfereji wa jiji nayo yametiwa klorini, na klorini huchoma mashavu ya samaki. Dawa ya jambo hilo ni subira: maji huachwa kwenye drumu lisilofunikwa kwa siku moja au mbili, yakikorogwa mara kwa mara, kabla ya kuingia kidimbwini. Wavu mwembamba hutandazwa juu ya drumu ili mbu wasitagie humo.

Mahali pa kuweka kidimbwi pia ni hesabu. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1. Kidimbwi cha lita 6,000 ni tani 6 kabla ya kuhesabu simenti. Mathare haihitaji kukumbushwa uzito wa jengo. Tarehe 29 Aprili 2016, jumba la ghorofa 6 lilianguka Huruma usiku wa mvua kubwa na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Paa la ghorofa si mahali pa kidimbwi bila mhandisi kulikagua na kutoa idhini kwa maandishi. Kando ya mto nako hapafai. Mafuriko ya mwishoni mwa Aprili 2024 yaliingia nyumba za bondeni usiku, yakachukua watu na mali. Kilichochimbwa ukingoni ndicho kinachoondoka kwanza, na shimo lililojaa maji ya tope halionekani na anayekimbia gizani.

Vifaa na kazi yake

Karatasi ya kutandika. Udongo wa Mathare una sehemu zenye mawe, maana bonde hili lilikuwa machimbo ya mawe ya ujenzi. Jiwe lenye ncha hutoboa karatasi nyepesi. Karatasi nzito ya plastiki, ile ambayo mafundi huiita dam-laina, yenye unene wa nusu milimita au zaidi na iliyotengenezwa kuvumilia jua, ndiyo inayofaa. Chini yake hutandazwa mchanga au magunia ya zamani. Mtu akinunua turubai la kufunika mzigo kwa sababu ni nafuu, jua la Januari mbili litalipasua.

Pampu. Pampu ya kuzamisha huchukua maji ya chini na kuyarudisha juu. Kwa lita 6,000, pampu ya kupitisha lita 3,000 kwa saa inatosha kuzungusha maji yote kila baada ya saa 2. Pampu ya wati 50 ikifanya kazi mchana na usiku hutumia yuniti 36 kwa mwezi. Tokeni hizo zihesabiwe mapema, na ijulikane nani anazinunua.

Fauntani si urembo mtupu. Maji yanayorushwa juu na kuanguka hujichanganya na hewa na kuingiza oksijeni. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya Mombasa yenye joto lile lile. Kwa hiyo kurusha maji hapa kuna faida kubwa zaidi. Asiye na fauntani anaweza kutoboa bomba kama bafu la mvua na kuacha maji yadondoke kutoka kimo cha nusu mita. Kazi ni ile ile.

Pampu ya sola. Wengi huipenda kwa kuwa haina bili. Ni nzuri, lakini isiyo na betri huzimika jua linapotua, na saa ya hatari kwa samaki ni alfajiri. Pampu hiyo hufanya kazi wakati samaki wana hewa ya kutosha na hulala wakati wanaihitaji. Anayetegemea sola anunue betri pamoja nayo, au apunguze idadi ya samaki.

Chujio. Drumu la plastiki lililojazwa sponji, kokoto na vipande vya neti kuukuu hufanya kazi vizuri, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kulitoboa na kuliunganisha kwa bomba. Ndani ya sponji hukaa bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao ni mali. Sponji ikioshwa kwa maji ya mfereji yenye klorini, wote hufa, na samaki huanza kudhoofika wiki hiyo hiyo. Sponji huoshwa ndani ya ndoo ya maji ya kidimbwi chenyewe, na si zote kwa siku moja.

Vifaa vidogo. Wavu wa mpini wa kuopolea majani na samaki waliokufa, kipima joto cha maji, mpira wa kunyonyea tope la chini, ndoo zisizowahi kubeba sabuni, na daftari. Daftari ndilo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote na ndilo linalosahaulika.

Uzio, kifuniko na umeme

Mtoto anayeanza kutembea anaweza kufa maji ndani ya ndoo. Kidimbwi cha mita 1 hakihitaji maelezo. Hakuna kidimbwi cha uani Mathare kinachopaswa kujazwa kabla ya uzio kusimama na lango lake kufungwa kwa komeo ambalo mtoto wa miaka mitano halifikii. Juu yake hutandazwa wavu wa chuma uliokazwa kwenye fremu, unaoweza kubeba uzito wa mtoto. Wavu huo pia huzuia korongo na paka. Palipo na ploti ya pamoja, wapangaji wote waambiwe, na msimamizi wa ploti awe na ufunguo wa pili.

Hatari ya pili ni umeme. Maji na waya wa kuungaunga havikai pamoja. Pampu iliyopasuka kidogo tu hupitisha umeme kwenye maji, na anayetumbukiza mkono huokotwa akiwa maiti. Pampu iunganishwe na fundi mwenye leseni, kwenye laini halali, kupitia swichi inayokata mkondo wenyewe umeme ukivuja. Kiungo cha waya kisilale chini wala kisifunikwe kwa karatasi ya nailoni. Kabla ya mkono wowote kuingia majini, plagi huchomolewa kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Januari na Februari: jua

Huu ni msimu wa joto kavu. Maji hupungua kwa kunyonywa na jua. Yakishuka milimita 5 kwa siku katika kidimbwi cha mita 6 za mraba, ni lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu kila siku. Yakishuka zaidi ya hapo, huenda karatasi imetoboka. Njia ya kujua ni rahisi: ndoo iliyojaa maji huwekwa ndani ya kidimbwi, imeegemezwa kwenye jiwe, na usawa wa maji ya ndani na ya nje hutiwa alama. Baada ya siku mbili, kama ya nje yameshuka kuliko ya ndoo, kuna tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jua pia huzidisha mwani hadi maji yakawa kama rangi ya ukuta. Kijani chepesi ni kizuri. Kijani kizito, ambapo kiganja kilichozamishwa hadi kwenye kiwiko hakionekani, ni onyo la alfajiri mbaya. Neti ya kivuli ifunike nusu ya kidimbwi, na chakula kipunguzwe. Mgao wa maji ukiwa mkali, drumu moja la akiba litengwe kwa samaki.

Kazi ya Februari yenye thamani kuliko zote ni ya kujiandaa kwa mvua. Mitaro izibuliwe, kingo ziinuliwe, bomba la kumwaga ziada litafutwe tundu lake.

Machi hadi Mei: masika

Mvua ya kwanza huosha paa za mabati. Vumbi, moshi, kutu na kinyesi cha ndege vyote hushuka kwenye mfereji wa paa. Maji hayo yasiingie kidimbwini. Mfereji ugeuzwe, na baada ya mvua kadhaa, paa likishakuwa safi, maji yake yanaweza kukingwa kwa drumu.

Ukingo wa kidimbwi uwe juu ya ardhi kwa sentimita 30 hivi ili maji ya uchochoro yasimiminike ndani. Bomba la kumwaga ziada liwe na wavu mdomoni, la sivyo samaki watatoka nalo. Mvua baridi ikinyesha kwa nguvu juu ya maji yenye joto, maji ya juu huzama na ya chini yenye tope na hewa chache hupanda. Asubuhi inayofuata samaki huwa juu wakihema. Siku hiyo hawalishwi, na fauntani huachwa ikirusha maji mfululizo.

Radi ikianza na maji ya mtaani yakipanda, plagi huchomolewa na watu huondoka. Hakuna samaki anayestahili mtu kurudi bondeni usiku. Mathare ililipia somo hilo mwaka 2024.

Kidimbwi kilichoingiliwa na mafuriko huhesabiwa kuwa kimechafuka. Samaki wake hawaliwi. Maji yote hutolewa, karatasi husuguliwa na kuachwa juani siku kadhaa, kisha kazi huanza upya.

Mbu nao ni wa msimu huu. Yai la mbu huwa mbu anayeruka baada ya wiki moja au mbili, kutegemea joto. Kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa wiki unakata mzunguko huo. Samaki wadogo hula viluwiluwi wa mbu, na maji yanayosukumwa na pampu hayawapendezi mbu. Hatari ni fauntani iliyoharibika. Siku pampu inapokufa, beseni la urembo huwa kituo cha kulelea mbu. Kama haliwezi kutengenezwa ndani ya wiki, limwagwe na kupinduliwa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yanayozalisha mbu kuwa kero, na afisa wa afya anaweza kuamuru mwenye nayo ayaondoe.

Juni hadi Agosti: baridi

Usiku wa Julai joto la Nairobi hushuka hadi karibu nyuzi 12. Ngege, samaki anayefugwa zaidi, hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Chini ya 20 hukua polepole, na yakifika 16 karibu haachami mdomo kwa chakula. Huu ndio msimu ambao wafugaji wengi hupoteza pesa, kwa kuwa hulisha kwa saa ya ukutani badala ya kipima joto.

Hesabu yake ni hii. Samaki 18 wenye gramu 200 kila mmoja wana uzito wa kilo 3.6. Kwa asilimia 3 ya uzito, chakula cha siku ni gramu 108. Hicho ni kipimo cha siku za joto. Baridi ikija, kipimo hukatwa hadi nusu, na hutolewa mara moja tu, saa sita au saa saba mchana wakati maji yamepata joto. Kisichomalizwa kwa dakika 15 huopolewa kwa wavu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 16, samaki huachwa bila chakula hadi jua lirudi.

Samaki waliopoa hushikwa na ukungu unaofanana na pamba, hasa waliojeruhiwa kwa kuvuliwavuliwa. Kwa hiyo Julai si mwezi wa kuhamisha samaki wala kuingiza vifaranga wapya. Ni mwezi wa fundi. Pampu hutolewa, hufunguliwa, nywele na majani yaliyojisokota kwenye pangaboi lake huondolewa, na waya wake hukaguliwa urefu wote. Pampu ya fauntani inayosikika ikikoroma haina maji ya kutosha mdomoni au imeziba, na ikiachwa hivyo itaungua. Kazi hiyo ifanywe mchana, kwa saa chache, ili usiku ukifika maji yawe yanatembea tena.

Septemba: mwanzo mpya

Jua likirudi, tope la chini hunyonywa kwa mpira, lakini maji yote hayatolewi kwa mara moja. Huu ndio wakati mzuri wa kuingiza vifaranga, kwa sababu wana miezi kadhaa ya joto mbele yao.

Swali la idadi huleta ugomvi kwenye vikundi. Kwa kidimbwi kisicho na pampu, samaki 3 kwa kila mita ya mraba wanatosha. Katika mita 6 za mraba ni samaki 18. Kikundi chenye wanachama 20 husikia hesabu hiyo na kuingiza vifaranga 200. Wote huishi wakiwa wadogo. Tatizo huja wakikua, kwa maana umeme ukipotea usiku mmoja hawawezi kustahimili hadi asubuhi. Umeme hupotea hata kwa nchi nzima, kama ilivyotokea usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Kila samaki anayezidi idadi ya maji matulivu anaishi kwa mkopo wa tokeni.

Ambaye umeme wake si wa kutegemewa anaweza kufikiria kambale. Samaki huyu ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo hastuki pampu ikizimika. Ila huruka nje ya kidimbwi kisichofunikwa, na wakubwa huwala wadogo wasipotenganishwa kwa kimo.

Umeme ukipotea, kuna dawa isiyo na bei. Watu wawili huchukua ndoo, huchota maji ya kidimbwi na kuyamwaga kutoka kimo cha kifua, dakika kumi kila baada ya muda mfupi, hadi jua litoke. Ni kazi ya kuchosha, lakini imewahi kuokoa samaki wengi mahali pengi. Ratiba ya zamu hiyo iandikwe kabla ya kuhitajika.

Oktoba hadi Desemba: vuli na safari

Mvua za vuli hufuata masharti yale yale ya masika. Lakini Desemba ina hatari yake: watu huenda ushago. Ploti hubaki na wachache, na kidimbwi hubaki na asiyekijua.

Kosa la Desemba ni kumwaga chakula cha wiki nzima siku ya safari. Samaki wazima wanaweza kukaa siku kadhaa bila kula na wasidhurike. Chakula cha wiki kikioza kwa siku mbili, hao hao hufa. Afadhali wakae na njaa. Anayeachiwa kidimbwi apimiwe chakula cha kila siku kwenye vifuko, aoneshwe plagi, aoneshwe komeo la lango, na aachiwe nambari ya simu ya fundi. Kama hakuna wa kuachiwa, samaki wavunwe kabla ya Krismasi. Bei huwa nzuri wakati huo.

Fauntani za shule nazo huachwa mikononi mwa askari wa lango likizo ikianza. Zimwagwe zikauke, pampu itiwe stoo, na beseni lipinduliwe au lijazwe mchanga hadi Januari.

Daftari la mistari mitatu

Mwenye kidimbwi ambaye hataki kukariri haya yote anaweza kuanza na mistari mitatu kwa siku. Mstari wa kwanza huandikwa alfajiri: samaki wako juu au chini? Mstari wa pili huandikwa mchana: joto la maji ni nyuzi ngapi, na wamekula kiasi gani? Mstari wa tatu huandikwa jioni: lango limefungwa na nani?

Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litajua kidimbwi kuliko fundi yeyote. Na siku mwanakikundi mmoja anapohama au kupata kazi ya mbali, maarifa yake hayahami naye.

Swali la mwisho ni la uaminifu. Kuna vidimbwi ambavyo vimeshaachwa katika mitaa hii, vingine vikiwa na maji ya kijani na karatasi iliyopasuka. Kukifukia si aibu. Kikundi kinachokubali kwamba hakina mtu wa alfajiri, kikatoa maji, kikafukia shimo na kupanda mboga juu yake, kimefanya kazi njema kwa watoto wa mtaa kuliko kinachosubiri mfadhili huku shimo liko wazi.

Wanaotaka kuanza, au wanaotaka kufufua kilicholala, wamtembelee afisa wa kilimo na uvuvi wa kaunti ndogo kabla ya kununua chochote. Ushauri wake hauuzwi. Waende na vipimo vya uwanja, jina la anayenunua tokeni, na jina la atakayeamka saa kumi na moja.